Kitambaa Cheusi Ndani ya Omo

Vijana wa karakana, mliniomba niwaandikie namna ya kufunga rola ya nanga, kwa sababu tangu nistaafu, nasikia, kila rola mnayoifunga inalia kama mlango wa choo. Nitawaandikia. Lakini siwezi kuandika habari za rola nikaacha habari za boti ya Bi Mwanasha, na hizo hamjapata kuzisikia kutoka kinywani mwangu. Mlizisikia vipande vipande, vingine vya uongo mtupu. Nimetengeneza boti miaka thelathini na minane. Nimechomwa na misumari, nimeangukiwa mguuni na injini ya farasi arobaini, nimeona boti mpya ikizama mbele ya mgeni rasmi. Hakuna kilichonishtua kama kitambaa kimoja kisichozidi kiganja changu, na mshtuko wake haujanitoka mpaka leo.

Siku ya kwanza nilifika karakana hapa Msambweni nimevaa shati jeupe. Mama aliniambia kazi ni kazi, nenda nadhifu. Fundi Athmani, aliyekuja kuwa mwalimu wangu, alilitazama shati lile kwa muda, kisha akaniambia nilale chini ya mashua iliyokuwa ikipakwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka kuliko papa mwenyewe. Jioni mama alinikataza kuingia ndani. Alinipokea shati dirishani, akalichoma uani, na kwa wiki nzima jirani zetu wakawa wanauliza kama tumefuga kitu.

Fundi Athmani alikuwa mtu wa Mkwiro, mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache. Kabla ya kuwa fundi wa vyombo alikuwa mshona matanga, na mshono wake haukuwa na mwenzake pwani hii: sindano inarudi nyuma mara mbili, fundo linafichwa ndani. Alinifundisha mshono huo kabla hajaniruhusu kushika msumeno, ati mkono usiojua uzi hauwezi kujua mbao. Kabla ya kulaza mkuku, ule uti wa chini wa chombo chochote, alisali rakaa mbili. Akiingia ndani ya boti alitanguliza mguu wa kulia kama anayeingia msikitini. Nilimpenda mzee yule. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na sioni haya kusema kwamba nafasi yake ilichukuliwa na Fundi Athmani.

Mwezi wa pili alinipa bolti moja mkononi akaniuliza, "Hii ikivutwa kwa nguvu, itang'okea wapi?"

Nikamwonyesha tundu.

"La. Itang'okea palipo dhaifu, na palipo dhaifu hupaoni. Ndiyo maana tunagonga."

Kugonga huko ndiko nilikowafundisha ninyi nyote mpaka mkanichoka. Unachukua nyundo, unaigeuza, unagonga mbao kwa mpini, taratibu, shubiri kwa shubiri. Mbao nzima inaitika kwa sauti kavu. Mbao iliyooza inajibu kwa sauti ya mtu aliyelala. Fundi Athmani angeweza kugonga chombo huku anazungumza na mtu, akanyamaza ghafla, akaweka chaki. Tukipasua pale, ndani ni uozo. Nilidhani hakuna linalomfichika mtu huyo.

Hizo zilikuwa zama za mashua na ngalawa. Baadaye hoteli za Diani zikajaa, wageni wakataka kupelekwa miambani kutazama samaki, na kila mwenye chombo akafunga injini na kuvika mbao zake faiba. Ndipo rola zikaingia. Zamani nanga ilipandishwa kwa mikono juu ya ukingo, na amari, ile kamba nene ya nanga, ikawa inakereza ukingo mpaka unafanya mfereji. Rola ni kigurudumu cha raba ngumu kilichobanwa na mbawa mbili za chuma kisichoshika kutu. Kinakaa kwenye ncha ya omo, mbele kabisa ya chombo, amari ikapita juu yake. Basi, ni hivyo tu. Mchomaji wetu wa vyuma pale Ukunda, kijana wa bara anayeitwa Mutua, alizitengeneza vizuri sana, na kila akileta moja alisema, "Hii mzee ni ya kudumu, itakuzika wewe." Nilimjibu kwamba mimi nazikwa na watu.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo mnapokosea. Rola si kazi. Kazi ni kile kinachoishika kwa chini, ambacho mteja hakioni wala hatakusifia kwacho. Nanga ikikwama mwambani na wimbi likainua chombo, uzito wote wa chombo na roho zilizomo unakuja kwenye bolti nne. Kwa hiyo toboa tundu pana kuliko bolti, lijaze resini, ikikauka toboa tena katikati yake, ili maji yakiingia yakute resini yasikute mbao. Chini ya sitaha weka ubao wa mgongo, mpana kuliko rola, ulale bapa na ubanane na fashini, lile gogo la mbele linaloshika mbao za pande zote mbili. Washa, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati, pekee haitoshi. Gundi nyeusi haitoshi hata ukiipaka kama siagi, na wapo kati yenu, sitawataja, wanaopaka gundi ili kufunika aibu. Kabla ya yote hayo ishike nanga mkononi uizungushe kwenye rola, uone kama ncha yake itaupiga mbavu mwili wa boti. Na kabla ya hilo nalo, gonga.

Bi Mwanasha alikuwa mjane wa hapa hapa Msambweni, na boti ndiyo iliyokuwa shamba lake. Marehemu mumewe aliijengesha kwa Fundi Athmani zaidi ya miaka ishirini kabla ya hapo. Mwanawe wa pekee, Kassim, ndiye aliyekuwa nahodha. Kijana mwenye adabu, mwepesi wa kucheka, ila mgongo ulikuwa umeanza kumuuma kwa kuvuta nanga mara nane kwa siku. Akataka rola. Mama yake akaja naye, akageuza ndoo, akaketi juu yake kunisimamia.

"Bakari, tundu hilo la nini?"

"La bolti, Bi Mwanasha."

"Na hilo jengine?"

"La bolti nyengine."

"Mwaipenda kutoboa vyombo vya watu nyinyi."

Nikaingia kwa kutambaa ndani ya omo na tochi mdomoni. Na pale hasa, kwenye uso wa fashini, mahali ambapo ubao wangu wa mgongo ulitakiwa kukaa, palikuwa na kitambaa cheusi kilichoshonwa pande zote, kimepigiliwa kwa misumari minne midogo ya shaba.

Walio wa huku hawahitaji kuelezwa. Kwa wenzetu wa bara: chombo kikishushwa majini kinasomewa dua na kuchinjiwa mbuzi, na wapo wanaoweka omoni karatasi iliyoandikwa kwa zafarani, ikashonewa ndani ya kitambaa. Kuna masheikh wanaolikataza jambo hilo na kuna masheikh wanaoziandika karatasi zenyewe. Mimi ni fundi, sikuingilia. Kanuni ya karakana ilikuwa moja tu, nayo tuliipokea kwa Fundi Athmani mwenyewe: ukiikuta, usiiguse.

Nikatoa kichwa nje. "Bi Mwanasha, humu ndani mna amana."

Akainuka kutoka kwenye ndoo. "Naijua. Aliiweka Fundi Athmani kwa mkono wake siku ya kushusha. Usiiguse, Bakari. Hata kivuli chako kisiifunike."

Kusema kweli nilifurahi kuambiwa hivyo, kwa maana sikutaka kuigusa. Nikaukata ubao wa mgongo nusu. Bolti mbili zikashika ubao, mbili zikabaki na washa tu. Kisha nikagonga kama desturi. Niligonga fashini kutoka chini kwenda juu, na mbao ikawa inaitika vizuri, kavu, kavu, mpaka nilipokaribia kitambaa. Ukingoni mwake sauti ikabadilika. Niliisikia. Nawaandikia jambo hili kwa mara ya kwanza kwa wino: niliisikia. Nikajiambia ni kitambaa kinachomeza sauti, nikarudisha nyundo kwenye sanduku.

Siku ya kuijaribu Kassim alipandisha nanga mara tatu bila haja, kwa raha tu. "Fundi, yapanda yenyewe kama imeitwa!" Mama yake akanipa mkungu wa ndizi.

Wiki ya sita, asubuhi, nahodha wa boti nyingine alinipigia simu. Alikuwa anapiga kelele kushinda injini. "Fundi, omo ya Kassim imeng'oka! Imeng'oka yote!" Nikamuuliza imeng'oka nini. Nilisikia vizuri, lakini akili ilikataa. Omo haing'oki. Rola inaweza kupinda, bolti inaweza kukatika. Omo ni kichwa cha chombo.

Nanga ilikuwa imekwama mwambani. Kassim alifanya wanavyofanya manahodha wote, akaikaza amari juu ya rola ili wimbi lenyewe liing'oe nanga. Wimbi likainua boti, na badala ya nanga ikang'oka rola, pamoja na bolti zote nne, kipande cha sitaha na kichwa cha fashini. Amari ilipofyatuka iliunasa mkono wake wa kulia ikaupigiza kwenye chuma. Wageni walikuwa wanane na wote walihamishiwa boti ya jirani, wazima, wengine hata kamera hazikulowa. Kassim alipelekwa hospitali. Nilipofika jioni madaktari walikuwa wameshaukata mkono ule, umeishia katikati ya kigasha, umefungwa bendeji nyeupe. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Bi Mwanasha alikuwa kitandani kwa mwanawe, hakuniona au hakutaka kuniona. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na sikumbuki nilipita njia gani.

Kesho yake boti ilivutwa mpaka karakana. Niliwafukuza watu wote nikaingia omoni peke yangu. Fashini ilikuwa nyeusi, imelowa, ukiibonyeza inabonyea kama mkate uliotiwa chaini. Kitambaa kilikuwa kinaning'inia kwa msumari mmoja, kimechanika. Nikasema Bismillahi nikakichukua. Ndani hapakuwa na karatasi. Hapakuwa na zafarani, wala herufi, wala chochote cha kusomwa. Palikuwa na pamba ya kalafati iliyokandwa kwa mafuta, imeshindiliwa kuziba ufa, na ufa wenyewe, ambao mdomo wake haukuzidi kitambaa, ulizama ndani ya gogo kwa urefu wa mkono wangu kutoka vidoleni hadi kiwikoni.

Nikajisemea labda ufa ni mpya. Nikaumulika. Ndani kabisa kwenye kingo zake palikuwa na rangi nyekundu ya msingi, ile inayopakwa mara moja tu, chombo kikiwa bado hakijashushwa. Maana yake chombo hiki kilipelekwa majini na ufa wake. Nikakigeuza kitambaa nikautazama mshono. Sindano imerudi nyuma mara mbili. Fundo limefichwa ndani.

Nilikaa chini. Mtu mzima wa miaka zaidi ya hamsini nilikuwa naugeuza mshono ule nikitafuta kosa ndani yake, japo dogo, ili niseme ni wa mtu mwingine. Bi Mwanasha alipoleta salamu kuuliza boti imekuwaje, nilimjibu mbao imezeeka. Nilisema uongo ule haraka sana mpaka nikajishangaa.

Siku ya tatu nilivuka maji kwenda kisiwani Mkwiro. Fundi Athmani alikuwa amepita miaka themanini, miguu imekataa, anashinda kitandani na redio. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nimekonda. Nikakiweka kile kitambaa juu ya shuka.

Alikitazama. Hakuuliza nimekitoa wapi. Aliuliza, "Ni nani aliyekufa?"

Nilikuja na matumaini kidogo, nayo yakaishia pale. Mtu asiyejua lolote hawezi kuuliza swali hilo.

"Hakuna aliyekufa. Kassim wa Bi Mwanasha amekatwa mkono."

Akazima redio. "Upi?"

"Wa kulia."

Kisha akaanza kusema, polepole, kama anayemsomea mtu barua isiyokuwa yake. Gogo la fashini lilipasuka siku mbili kabla ya kushusha. Mbuzi amekwisha kufungwa, watu wamealikwa kutoka Vanga hadi Waa, na gogo jengine lingechukua miezi. Akaziba. Lakini alijua fundi yeyote atakayeingia mle atagonga, na akigonga atasikia. "Nikafikiri, nitie nini hapa ambacho hapana mtu wa pwani atakayekigonga? Nikashona."

"Ulitufundisha tusiiguse."

"Niliwafundisha baada ya hapo."

Hilo, jamani, ndilo lililonivunja. Kanuni niliyoibeba miaka yote kama adabu ya kazi ilikuwa kufuli ya ufa wake. Nilitaka kuondoka, na katika kuondoka nikauliza swali ambalo sikulikusudia: "Ni hiyo moja tu?"

Akatazama ukutani. "Gogo lilikuwa refu. Lilitoa fashini nne."

"Na zote zimepasuka?"

"Zote. Ya kwanza nilitetemeka. Hizo nyengine, mkono ulikuwa ushazoea."

"Hizo tatu ziko wapi?"

Akazitaja. Moja ilikuwa ya Gazi, moja Tiwi, moja hapo hapo ng'ambo Shimoni, na zote nilizijua, na zote asubuhi ile zilikuwa baharini na watu. Akanishika mkono. "Nisitiri, Bakari. Mwenye kumsitiri mwenziwe, Mola naye humsitiri. Zitoe, uzitengeneze, usiseme ni mimi."

Nikaahidi. Msinicheke. Alikuwa mwalimu wangu.

Nikaenda kwa wenye vyombo mmoja mmoja kuwaomba nifungue vitambaa vyao, bila kusema kwa nini. Mnaweza kubuni nilivyopokewa. Mzee wa Gazi, Mzee Salimu, alinisikiliza mpaka mwisho, akaninywesha kahawa, akasema, "Boti hii imenipeleka na kunirudisha miaka ishirini na miwili. Rola yako wewe haikumaliza hata miezi miwili. Sasa wataka kuisingizia dua?" Wa Tiwi alinifungia mlango. Wa Shimoni aliniambia tangu lini Bakari akawa mshirikina wa kutafuta vitambaa vya watu. Na wote watatu walisema neno moja lile lile: ameweka Fundi Athmani. Jina lake lilikuwa na nguvu kuliko misumari yake ya shaba. Kila asubuhi nilipiga simu Gazi, Tiwi na Shimoni kuuliza kama boti zile zimetoka, na jioni nikapiga tena kuuliza kama zimerudi.

Siku ya tano nikarudi Mkwiro.

"Wamekataa," nikamwambia. "Wanakuamini wewe. Hata kitambaa chako wanakiamini kuliko mimi."

"Waambie mbao imezeeka."

"Nimewaambia. Wanasema mbao zako hazizeeki."

Akasema kwa sauti ndogo, "N'nasaza siku ngapi miye, Bakari? Niwache nende na jina langu."

"Na wao wanasaza ngapi?" Nilisikia sauti yangu inapanda, na sikuwa nimewahi kumpandishia sauti tangu siku ya shati jeupe. "Nimekusitiri, mwalimu. Nikikusitiri siku moja zaidi, kuna mtu atakayezikwa, na huyo hatuwezi kumshona."

Redio ilikuwa imezimwa. Mjukuu wake mwanamke alikuwa akitwanga uani, akaacha kutwanga. Fundi Athmani alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Nipe ile kanzu," akasema.

Tulimvusha kwenye kiti cha plastiki. Wenye vyombo aliwaita yeye mwenyewe kwa simu yangu, akawaambia anataka kuziona boti zake pamoja, na walikuja wote watatu kwa furaha, wakidhani anakuja kuziombea. Mmoja alileta halua. Maji yalikuwa yametoka na boti tatu zimelala mchangani mbele ya karakana, baada ya alasiri. Bi Mwanasha alikuja kwa kuwa aliyeijenga boti ya mumewe amekuja. Kassim alikuja naye, siku yake ya pili nje ya hospitali.

Fundi Athmani hakuhutubia. Aliomba abebwe mpaka kwenye boti ya Gazi, akaingizwa omoni, na sisi tuliokuwa karibu tukasikia uzi ukikatika. Alipotoa mkono, kilichokuwa ndani yake ni pamba. Kisha akaomba kisu changu, akakichoma kwenye fashini, na kisu kikaingia mpaka mpinini. Hakukisukuma. Kiliingia tu. Watu walipiga kelele, wengine wakasoma inna lillahi, mtu mmoja akasema neno ambalo sitaliandika kwa sababu lilisemwa kwa mzee. Fundi Athmani akasema, na sauti yake ilikuwa wazi, "Ni mimi. Na ya Mwanasha ni mimi."

Nikaona ni zamu yangu. Nikasema mbele ya wote kwamba niligonga, nikasikia, nikaacha.

Bi Mwanasha alinigeukia. "Na la kitambaa umelijua tangu lini?"

"Siku saba leo."

"Na mimi ukanambia mbao imezeeka."

Mpaka leo hatusemezani zaidi ya salamu, na sina wa kumlaumu. Fashini zote tatu tulizibadilisha mwezi ule. Nilizikata mimi, nikapata uozo katika kila moja, wa Tiwi ukiwa mbaya kuliko wa Kassim. Rola zote mlizoniona nikifunga baada ya hapo nilianza kwa kugonga, na nikikuta kitambaa nilimwita mwenyewe, tukamwita maalimu, tukakiondoa kwa heshima, tukagonga, tukakirudisha. Viwili vilikuwa na karatasi za kweli ndani. Fanyeni hivyo hivyo. Adabu haikatazi kuuliza.

Ila siku ile mchangani haikuishia kwa Bi Mwanasha. Watu walipoanza kuondoka wakimpa mzee migongo, Kassim ndiye aliyekwenda kwenye kile kiti. Nilidhani atampiga, na nikajiambia sitamzuia. Alisimama mbele yake, bendeji inaonekana mwishoni mwa mkono wa shati, akainamisha kichwa kama alivyofunzwa na mama yake tangu utotoni. Mkono wa kulia, ule usiokuwepo, ulianza kutoka wenyewe. Nikauona unasita, unarudi nyuma. Akatoa mwingine.

"Shikamoo, babu," akasema. "Nisamehe, nakupa wa kushoto."

Fundi Athmani aliupokea kwa mikono yake yote miwili. Akafungua kinywa ili aitikie, na marahaba haikutoka.